Mdomo wa Kitwitwi na Ushahidi wa Mwezi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aonaye lililo wazi na lililofichika. Amani iwashukie nyote mnaopita katika ukurasa huu.

Jumatatu, mwishoni mwa Shaabani. Mvua imekatika tangu asubuhi, lakini mbingu ya Bujumbura bado ni nzito, na moyo wangu ni mzito zaidi.

Ninaogopa.

Baada ya sala ya alfajiri nilishuka ziwani, upande wa Kinindo, pamoja na jirani yangu Melkiori, mwalimu mstaafu na Mkristo mwema. Miezi hii, kaskazini kukiwa na baridi kali, vitwitwi, ndege wa ufukweni wenye miguu mirefu, huja kwetu, nasi wazee wawili hushindana kuwatambua. Si kazi nyepesi. Rangi za msimu wa kuzaa wameziacha huko. Wako wa aina mbili, mkubwa na mdogo, na wote wamevaa kijivu mgongoni na nyeupe tumboni. Mkubwa ana mdomo mnene, uliopinda kidogo kuelekea juu. Wa mdogo ni mwembamba, umenyooka. Ndege akisimama peke yake, ukubwa haukusaidii kitu. Unabaki na mdomo tu.

Leo alisimama mmoja peke yake. Nikasema kwa yakini: mkubwa.

"Apana, Shehe!" Melkiori akacheka. "Angalia mudomo, ni kama shindano ya kushonea nguo! Ndege ametoka Ulaya mpaka huku, we unamubadilishia jina?"

Akanipa darubini. Niliona doa la kijivu linalotetemeka. Mdomo sikuuona kabisa.

Nikasema, "Ndiyo, nimeuona."

Neno hilo limeninyima utulivu siku nzima. Keshokutwa, jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, waumini wa mtaa wetu watakusanyika ufukweni kuutafuta mwezi wa Ramadhani, na kama ilivyo desturi yetu, imamu atanigeukia na kuuliza: umeuona? Nikijibu ndiyo, nyumba kwa nyumba watafunga kwa neno langu. Na leo, kwa kuona haya mbele ya rafiki mmoja tu, ulimi wangu umeyatangulia macho. Mbele ya umati itakuwaje?

Upofu siuogopi kama ninavyouogopa ulimi huu.

Kesho, kabla ya adhuhuri, nitakwenda kwa imamu nimwombe atafute shahidi mwingine. Kisha nitampitia Melkiori nimwambie ukweli wa ule mdomo. Atanicheka, na anicheke. Keshokutwa nitasimama ufukweni nyuma ya wenzangu, na nikiulizwa, nitasema: sioni.

Ewe msomaji, Mwenyezi Mungu akulindie macho yako, na yakidhoofika, aulinde ulimi wako. Na watu wa nyumba yako awajaze amani. Amin.