Dirisha Nililokuambia Ulifunge

Kokushima, mjukuu wangu,

Nisikilize, wala usianze kucheka mwandiko wangu. Kihaya mimi ninakijua cha mdomo tu. Kalamu nilifundishwa kuishika kwa Kiswahili, madarasa manne, la tano baba yangu akasema yatosha. Kwa hiyo ninakuandikia kwa Kiswahili, na pale nilipokosea utapapita.

Kwanza habari za hapa. Kahawa tumemaliza kuanika. Ile migomba miwili tuliyoing'oa kibanjani kupisha kaburi lako, machipukizi yake yametokea pembeni, yanakusogelea. Nimewakataza watu wasiyakate. Babu yako yuko kushoto kwako, na nadhani bado anakoroma. Mvua za Machi zilididimiza udongo wako, nikaenda mwenyewe na jembe nikaujaza. Walitaka kunisaidia, nikawafukuza.

Mama yako amekonda. Adelina wangu, aliyekuwa akipita mlangoni kwa ubavu, sasa gauni la kanisani analifunga na mkanda. Haji tena hapa Kagoma kila Jumapili kama zamani. Anakaa kwake Buhembe na mlango umefungwa. Akija, haingii chumba ulichokuwa unalala. Anakaa na mimi jikoni, tunamenya ndizi, kisha anaondoka.

Miezi saba, Koku. Na mimi ndiyo kwanza naandika. Utaniuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa naogopa. Umewahi kuniona naogopa?

Simu uliyoniachia bado ninayo. Nimesahau karibu yote uliyonifundisha, ila ile alama ya pembetatu sikuisahau, ile ukiibonyeza sauti uliyonirekodia inatoka. Saa kumi jioni, saa uliyokuwa unanipigia, naibonyeza. Unatoka ukinieleza mambo ya huko Uturuki, mji wa Eskishehiri, kama vile unarudi sasa hivi. Uliniambia maana ya jina hilo ni mji mkongwe. Nikakuambia umeacha miji mipya yote duniani ukaenda kusomea kwenye mkongwe. Ulicheka mpaka simu ikakatika.

Nimesikiliza kila kitu tena. Mkate asubuhi, mkate mchana, mkate jioni, na chai katika vigilasi visivyo na mkono, mtu anakunywa kumi na bado anaongezewa. Zile zeituni ulizodhani ni zambarau, ukazitema mbele ya muuzaji naye akakuita dada na kukupa nyingine za bure. Ndizi zinazouzwa kwa kilo, mbivu tu. Siku ulipozikuta mbichi ukazipika, zikawa kama sabuni, ukakaa sakafuni ukalia. Ulilia ndizi, mtoto wa Muleba! Nami nikakugombeza kwa sababu sikuwa na la kufanya. Yule mzee wa kwenye tramu aliyekuwekea chungwa dogo mkononi akashuka zake. Paka wa barabarani wanaojengewa vibanda na kuwekewa chakula. Foleni ya karatasi za ukaazi, umeshika faili kifuani tangu asubuhi, unaogopa wataona kosa wakuambie urudi kwenu. Hilo la foleni hukuniambia siku ile. Uliniambia baada ya kuipata kadi. Ulikuwa unanificha mabaya, unaniletea yaliyokwisha kupona.

Na watu kukuangalia. Ulisema unachoka kuangaliwa. Nikakuambia wewe ni mzuri, acha waangalie.

Halafu yule mama mwenye nyumba, Emine. Siku ya kwanza ulimpigia magoti kumsalimu, kama nilivyokulea. Yeye akadhani umeanguka. Akakushika makwapa akakunyanyua, akakuletea maji na sukari. Ulipomweleza, akakufundisha ya kwao, ya kubusu mkono wa mkubwa na kuugusisha kwenye paji la uso. Tangu hapo ukawa unamwita teyze, ukaniambia ni kama mama mdogo. Sikupenda. Nakwambia kweli, nilisikia wivu, mimi mwanamke mzima mwenye mvi. Ulipokuja na habari kwamba ulisafiri siku mbili na yule mama akakumwagia maji nyuma yako ulipokuwa unatoka, nilipandisha sauti. Anakumwagia maji kama anafukuza mbwa? Ukanieleza taratibu kwamba kwao ndiyo baraka, aendaye aende kama maji na arudi kama maji. Nikasema waambie maji ya kwetu yakienda hayarudi. Mdomo wangu huu.

Nilikutumia akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, nimeifunga mwenyewe kwenye magome ya mgomba. Ukampelekea. Naye akaisaga! Akaitia kwenye kile kibirika chake cha shaba akaichemsha, mkanywa, mkatazamana. Halafu ukamwonyesha inavyowekwa mdomoni. Ukaniambia, Bibi, ametafuna tatu na ameziomba nyingine. Hilo lilinifurahisha. Kwa Wahaya, mtu uliyemwekea kahawa kwenye kiganja akaitafuna si mgeni tena. Babu yako hakuwahi kumsema vibaya mtu aliyetafuna kahawa kwake, hata yule jirani aliyetusogezea mpaka.

Nililijua hilo, na bado nikafanya nilichofanya. Sasa nalifikia. Ngoja nivute pumzi.

Ilikuwa Januari. Ulisema theluji imefika kwenye kidirisha chako, kile kilichokuwa kinaangalia viatu vya wapita njia, kwa sababu chumba chenyewe kilikuwa chini ya nyumba. Ulikuwa na jiko la chuma la makaa ya mawe, lenye bomba la kupeleka moshi nje. Siku mbili za wiki ulikuwa unashona kwenye karakana usiku kucha, unarudi asubuhi, unawasha jiko, unalala. Ukaniambia shida yako ni kwamba moto unakwisha upesi, unaamka mchana meno yanagongana. Na kifua kimeanza kukubana.

Mimi nikakufundisha. Koku, mimi ndiye niliyekufundisha. Nikakuambia fukia makaa kwa majivu, kama tunavyofanya hapa jikoni, moto unakaa chini ya majivu unapumua polepole mpaka kesho. Mama yangu alinifundisha hivyo, na moto wa nyumba yake sikuwahi kuuona umezimika. Lakini nyumba ya mama yangu ilikuwa ya nyasi, ilikuwa inapumua yenyewe kila upande. Hilo sikulifikiria. Nililijua jiko langu tu, nikadhani kila moto duniani ni mmoja.

Halafu nikakuambia, na kile kidirisha kifunge, unaota moto na dirisha wazi kama mtu asiye na akili?

Ukasema, "Teyze ameniambia niliache wazi upana wa kiganja, kila siku anashuka kuangalia."

Nami nikasema, "Huyo teyze wako ndiye aliyekuzaa?"

Halafu ukacheka kile kicheko chako cha kunibembeleza, ukasema, "Haya Bibi, nimesikia."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Hayako kwenye simu, kwa sababu hiyo ilikuwa ya kupiga, si ya kurekodi. Yako kwangu. Siku ya pili yake ulirudi kutoka karakana asubuhi, ukawasha jiko, ukalala. Emine alikuwa amekwenda sokoni. Aliporudi akashuka kama kawaida yake, akakuta kidirisha kimefungwa, umeziba nyufa kwa kitambaa, na hewa ya makaa imekuua usingizini. Ulikuwa mtoto msikivu. Laiti ningekulea mkaidi!

Ulifika hapa kwenye sanduku lililofungwa. Hatukuruhusiwa kukuosha. Nilikuwa nimeweka maji na sabuni mpya, vikabaki hapo, maji nikawapa kuku. Watu walijaa. Mama yako akakaa kwenye majani tuliyotandika sebuleni, akasema mbele ya watu wote kwamba yule mwanamke wa Kituruki amemuua mwanawe kwa jiko bovu. Akasema anajua alikupa chumba kibaya kwa sababu wewe ni mweusi na huna mtu. Watu wakaitikia. Shangazi zako wakaitikia. Mimi nilikuwa pale pale, magoti yangu yanagusa magoti yake. Nikainamisha kichwa nikajifuta pua na kanga. Hata mimi nikaitikia, Koku. Nilisema ndiyo.

Emine alipiga simu mara nyingi. Mama yako akaifungia namba yake.

Wiki mbili zilizopita alikuja Neema, yule rafiki yako wa Mbeya mliyesoma naye. Amemaliza chuo, akasafiri mpaka huku kabla hajafika kwao. Mtoto yule ana adabu. Alileta begi lako na kile kibirika cha shaba, akasema teyze amesema ni chako. Mama yako alikuwa amekataa kumpokea Buhembe, ndipo akaja kwangu. Nilimpikia ndizi na maharage, akala, halafu akanieleza mambo ambayo hakuna aliyetuambia.

Kwamba ulipokufa Emine alipika kitu kitamu cha unga na siagi, akikoroga na kulia, akagawa kila mlango wa jengo lile, kwa ajili ya binti yake wa Tanzania. Kwamba alikwenda hospitali akakusuka nywele, vibaya kwa sababu hajui nywele zetu, lakini alisuka. Gari lilipokuchukua kukupeleka uwanja wa ndege, alitoka na ndoo akamwaga maji nyuma yake, mpaka ndoo ikaisha, akabaki amesimama ameishika. Na kwamba sasa halali. Jiko lile amelitupa. Kila anayemtembelea anamweleza jambo moja tu: laiti siku ile asingekwenda sokoni. Kwamba labda hakukusisitizia vya kutosha kuhusu dirisha. Amemtuma Neema aulize, kama familia inaweza kumsamehe.

Mimi nikaulizwa hivyo. Mimi!

Nikamwambia Neema nitajibu. Akaenda zake. Na mimi nikaenda kwenye kaburi lako kupalilia magugu ambayo hayakuwepo.

Nilijiambia mengi. Kwamba mimi ni mzee, nitakufa hivi karibuni na jambo hili litakwenda nami. Kwamba mama yako ana mtu mmoja tu aliyebaki, ni mimi, na nikimwambia hatakuwa na mtu. Hilo ndilo ninaloliogopa. Aibu nitaibeba, mgongo wangu umebeba mikungu maisha yote. Ila akinitazama vile alivyolitazama lile sanduku, sijui nitasimama wapi.

Lakini kuna mwanamke mbali huko aliyetafuna kahawa yangu, na amebeba mzigo wangu kwa miezi saba akidhani ni wake. Alikuambia kweli. Alikuambia vizuri. Wewe ulimwelewa vizuri. Mimi ndiye niliyesimama katikati, kwa kiburi, kwa sababu ulimwita mama mdogo.

Wewe ungesema, Bibi usijilaumu. Nyamaza. Usinitetee. Ulinitetea vya kutosha ulipokuwa hai, kila nilipomtukana mtu ulikuwa unafuata nyuma yangu ukiomba radhi kwa macho.

Basi, mtoto wangu, nakuaga kwa leo, jua limeshapanda. Nimevaa gauni la bluu ulilolishona kwenye karakana ile, lile lenye kola inayonikaba. Ninakwenda Buhembe kwa mama yako. Sitazunguka wala kuanza na habari za kahawa. Nitapiga magoti mbele ya mtoto niliyemzaa, kitu ambacho mzazi hafanyi, nimwambie ni mimi. Akinifukuza nitakaa nje mpaka afungue. Asipofungua nitarudi kesho. Halafu, akubali asikubali, nitampata Neema kwenye simu anitafsirie, nimwambie Emine kwa sauti yangu kwamba dirisha lile nililifunga mimi. Nimekwisha kumfungia akamwani mpya kwenye magome. Neema atajua namna ya kuipeleka.

Ninakuahidi hilo hapa ulipolala, na babu yako asikie.

Siku ile walipokubeba kutoka mlangoni mpaka kibanjani hakuna aliyekumwagia maji. Hatukujua. Kabla sijakaa kukuandikia nilichota maji kwa kibirika chako cha shaba, nikamwaga kuanzia kizingitini, polepole, kwenye ile njia uliyopitishwa, mpaka hapa miguuni pako. Najua nilisema maji ya kwetu hayarudi. Nimemwaga hata hivyo.

Lala, Koku. Na hilo la maji usinisikilize tena.

Bibi yako wa Kagoma