Kinu cha Nyumba ya Pili

Mjukuu wangu Elia, mume wangu mdogo,

Hujambo huko chuoni? Sisi hapa Makanyagio wazima, na mbuzi wako kazaa mapacha!

Unauliza marehemu babu yako nilimpendea nini. Tulikuwa Bujumbura, waasi wameingia mjini, hakuna kutoka nje. Risasi zikinyamaza, kila nyumba ilitwanga kisamvu ili majirani wajue wako hai. Siku moja kinu cha nyumba ya pili kikakaa kimya. Nililia. Mara nikasikia: pu! Kimya. Pu! Mama akacheka, “Huyo anayetwanga ni mwanaume!” Alikuwa babu yako, mama yake anaumwa. Nilirukaruka kwa furaha!

Leo natwanga peke yangu. Njoo Krismasi unitwangie, hata ovyo kama yeye.

Bibi yako