Wastani Umenigombanisha na Wifi

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijavunja undugu wa watu, maana hapa nilipo chakula hakipiti na kazini natembea nimeinamisha macho kama mwizi wa kuku.

Mimi ni mkunga, mama wa watoto wakubwa, asubuhi nafanya kazi wodi ya wazazi na mchana nakwenda chuoni, maana mwaka huu hospitali ilinikubalia nijiendeleze, na katika masomo yangu kuna hili la takwimu ambalo mimi ninayewadunga watu kila siku nililiogopa kama mtoto anavyoogopa sindano. Siku ya kwanza mwalimu alichora ubaoni alama kama herufi E iliyovunjika mgongo, nikanyoosha mkono nikauliza ni ugonjwa gani huo, darasa zima likaangua kicheko, kumbe maana yake ni "jumlisha" tu. Lakini sikukata tamaa, mshauri, niliuma meno. Siku nyingine mwalimu alitupima urefu wote tukatafuta wastani, kisha akaingia kijana mmoja aliyechelewa, mrefu kama nguzo ya umeme, tukamwongeza na wastani wa darasa zima ukapanda, nikapiga kelele "Kumbe mtu mmoja anaweza kutuvuta wote!" Tangu hapo wenzangu, ambao ni wa umri wa binti yangu, wananiita Mama Wastani, na mimi jina nimelipenda.

Sasa tukapewa zoezi la kukusanya vipimo kazini kwetu na kulinganisha makundi mawili, nami kwa ruhusa ya msimamizi wa wodi nikapima, kwa saa zilizoandikwa kwenye daftari la wodi, muda anaosubiri mama mjamzito tangu afike mlangoni mpaka apimwe, wa asubuhi na wa jioni, kwa wiki moja. Wastani wa jioni ukatoka zaidi ya mara mbili ya ule wa asubuhi. Mshauri, nilifurahi! Nilifurahi kwa sababu hesabu imekubali, nikasahau kabisa kwamba mkunga wa zamu ya jioni ni wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyenishika mkono kuniingiza kwenye kazi hii na kunifundisha kumpokea mtoto anayeteleza kama sabuni bila mikono kutetemeka.

Jumapili tulikuwa kwa mama mkwe, tunakula, mume wangu kwa kujisifu akasema, "Mke wangu siku hizi mtaalamu, hebu waonyeshe ule mchoro." Nami nikautoa. Nguzo mbili, moja fupi, moja ndefu. Wifi akautazama, akaacha kutafuna.

"Hii ndefu ni zamu gani?"

"Ya jioni."

"Yaani mimi."

"Si wewe, wifi, ni wastani."

"Wastani ndio unaosimama pale jioni? Mimi nilikufundisha kushika mtoto, wewe umekwenda shule kujifunza kunipima mimi!"

Akachukua mkoba wake akaondoka, chakula kimebaki kwenye sahani. Mama mkwe hakunigombeza, alisema tu, "Kisu ulichonolewa umemkatia aliyekunolea," akaenda kuosha vyombo mwenyewe na kukataa nimsaidie. Mume wangu ananiambia nibadilishe namba, nani atajua. Mwalimu anataka niwasilishe wiki ijayo, na msimamizi wa wodi ameomba nakala awapelekee wakubwa wa hospitali, na wifi amebakiza muda mfupi kustaafu, naogopa watampa barua mbaya uzeeni kwa sababu yangu. Na zaidi ya hayo mimi ni mwanafunzi tu, hata hizo hesabu zenyewe siziamini. Nichane? Nibadilishe? Au niwasilishe nimpoteze wifi?

Mama Wastani

SHANGAZI ANAJIBU

Mama Wastani, marahaba, na pole sana. Kunywa maji kwanza. Mtu aliyekufundisha kazi akikuinukia mezani mbele ya wakwe, uchungu wake si mdogo, na wala sioni kwamba ulimkusudia baya. Lakini mchoro wenye jasho la mtu haufunguliwi kwenye chakula. Hilo la kwanza.

La pili, mume wako anakupenda ila ushauri wake ni wa hovyo. Ukibadilisha namba leo, kesho mama anayeumwa uchungu ataendelea kusubiri kwenye benchi, na karatasi yako itasema hasubiri.

Nilikupigia simu kabla ya kuandika jibu hili. Nilikuuliza, "Asubuhi mko wakunga wangapi?" Ukajibu, "Wanne." Nikauliza, "Na jioni?" Ukasema polepole, "Wifi yuko peke yake." Unafanya kazi humo miaka yote, unalijua hilo, ila ulipopata hesabu mpya mkononi ukaacha kuwaona watu. Usijilaumu. Kila anayejifunza huwa hivyo, anatazama jembe anasahau shamba.

Nikakuuliza tena kama katika namba za jioni kuna zilizozidi nyingine kupita kiasi, kama yule kijana wenu mrefu. Ukasema zipo mbili, za jioni moja. Nikakutuma ukaulize wodini kulikuwa na nini. Kesho yake ulinipigia unalia. Jioni ile wifi yako alikuwa ndani na mama anayevuja damu, hakuweza kumwacha. Wale akina mama wa namba zile mbili walisubiri nje, wakajifungua salama, na yule wa ndani alirudi nyumbani na mwanawe. Haya, nguzo yako ndefu inasema hayo?

Basi sikiliza. Usizifute zile namba mbili, kwa sababu zilitokea. Ziache, na pembeni uandike kwa nini. Panga namba zote za jioni kutoka ndogo mpaka kubwa, utafute ile ya katikati, uiweke sambamba na wastani. Bado itaizidi ya asubuhi, sikudanganyi, lakini haitatisha vile. Ongeza idadi ya wakunga kwa kila zamu. Sema wazi kwamba hii ni wiki moja tu na wewe ni mwanafunzi, kwa hiyo unaona dalili, hujatoa hukumu. Msimamizi asipewe mchoro mtupu. Apewe yote au asipewe kitu.

Lakini kabla ya mwalimu na kabla ya msimamizi, nenda kwa wifi. Nenda peke yako, mume abaki nyumbani na akili zake. Usianze na "samahani, lakini". Sema samahani, uishie hapo. Kisha muulize, "Wifi, jioni ile ilikuwaje?" na umwache aseme mpaka amalize, hata akikufokea, hata akilia. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Akishatulia, mwonyeshe hesabu mpya, mwambie hutaiwasilisha mpaka ameisoma. Na mwambie nini unakwenda kuwaomba wakubwa kwa hesabu hiyo: mkunga wa pili wa kusimama naye jioni.