Nusu ya Gunia Lako

Baba mpendwa,

Yoga noi, salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti lako limepoa, na foleni ya malori hapo Malaba haijakulaza tena siku tatu ndani ya kebini. Sisi hatujambo. Mimi nimenenepa kidogo. Mama anasema ni mkate.

Najua Mama alikupigia simu siku ile ile matokeo yalipotoka, akakuambia amepita mtihani wa uuguzi na sasa ataruhusiwa kufanya kazi aliyosomea. Hakukuambia jinsi alivyofika kwenye mtihani wenyewe. Nilimwomba aniachie hiyo, maana unanijua: kwenye simu nasema "sijambo" halafu namrudishia simu.

Usiku wa kuamkia mtihani theluji ilianguka bila kukoma. Asubuhi gari letu lilikuwa kilima cheupe tu, na redio ikasema mabasi hayatatoka. Mtihani ulikuwa saa tatu, na ukiukosa unangoja miezi mingi upewe nafasi nyingine. Mama alikaa mezani amevaa koti, kitabu mkononi, hasomi.

Nilimwambia anywe chai, mimi nitafungua kijia cha gari. Nikachukua sepetu letu pana la plastiki nikafanya kama Tata, nyanya yangu, alivyonifundisha kufagia uwanja: unaanza mlangoni, unaenda na uchafu hadi barabarani, na humrushii jirani hata jani moja. Ilinichukua karibu saa nzima. Theluji yote niliimwaga barabarani, nikarudi ndani kama mshindi. Kabla sijamaliza kikombe nikasikia mngurumo. Ilikuwa mashine ya kusafisha barabara, mfano wa greda ile ya kusawazisha barabara za murram. Ilikusanya theluji yangu, ikaongeza ya mtaa mzima, ikaisukuma yote mdomoni mwa kijia chetu na kwenda zake. Ukuta ulinifika kiunoni, mgumu kama matofali.

Mama alitoka akautazama. "Amoit, umefungua njia ama umeifunga?"

Ng'ambo ya barabara anaishi mzee mmoja ambaye, tangu tuhamie hapa, nilikuwa nikimpita nikitazama viatu vyangu. Alikuwa akichimba kwake kwa sepetu la chuma. Baba, nilivuka. Moyo ulinipiga kuliko siku niliyosoma somo kanisani. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha vitabuni kwamba mama yangu ana mtihani na mimi nimemfungia njia. Hakunicheka. Alikuja na sepetu lake, na tukichimba akanieleza kwamba hapa kila mtu huitupa theluji kwenye nyasi zake mwenyewe, barabarani kamwe. Tulichimba hadi ukuta ukaisha.

Lakini gari lilikataa. Magurudumu ya mbele yalizunguka pale pale yakaisugua barafu mpaka ikang'aa, na Mama akazidi kukanyaga mafuta. Yule mzee akatikisa kichwa. Hapo nikakumbuka lori lako lilivyozama kwenye tope wakati wa mvua ndefu, na vile ulivyomkataza Wafula, msaidizi wako wa lori, kulingurumisha.

"Mama, toa mguu," nikasema. "Gari halitolewi kwa hasira."

Alinitazama kupitia dirishani. "Hayo ni maneno ya baba yako."

"Ndiyo. Na ninataka gunia lake."

Unalikumbuka lile gunia la katani ulilofungia vitabu vya Mama tulipoondoka? Mama aliona haya, akalifunika kwa leso kutwa nzima pale uwanja wa ndege. Nililitoa stoo, nikalipasua katikati kwa kisu, nikachimba mbele ya kila gurudumu na kusukumia kipande chini yake, jinsi Wafula anavyofanya. Mzee na mimi tukaenda nyuma kusukuma. Mama akaliondoa gari polepole sana. Lilishika gunia, likapanda, likatoka. Hakusimama, kwa sababu nilikuwa nimemwonya asisimame, lakini alipiga honi mpaka kwenye kona. Mzee alinipa mkono, akasema amezeekea kwenye theluji na hajawahi kuona gunia likifanya kazi hiyo.

Niliandika insha kuhusu siku hiyo. Tahajia ya huku ni ya ajabu. Wanaandika "colour" na "neighbour" kwa u, kama tulivyofundishwa shuleni Butula, na ukishajiona uko nyumbani wanakugeuka: "tyre" ya gari inakuwa "tire", herufi zile zile za neno la kuchoka. Mwalimu aliizungushia kalamu nyekundu kila nilipoiandika, kisha akaniomba niisome insha mbele ya darasa. Niliisoma yote, Baba. Sauti ilitetemeka hadi nilipofika kwenye gunia, halafu ikatulia. Mvulana mmoja wa nyuma akauliza Malaba ni wapi. Nikaenda ubaoni nikamchorea: Kenya, mpaka, Uganda, na foleni ya malori ndefu mpaka ubao ukaisha.

Nisalimie Tata, umwambie alinifundisha vizuri, ni nchi tu iliyogeuka. Msalimie mjomba Barasa, wakala wa forodhani, na Mama Asekenye anayewauzia madereva chai. Mdogo wangu Okisai asichore kwenye vitabu vyangu.

Wafula tanboi nimemtumia salamu za kushikika. Ndani ya bahasha hii kuna nusu ya gunia, na alama za gurudumu bado ziko juu yake. Nusu ya pili imo kwenye buti ya gari. Nilitaka kuifua, Mama akakataa. Yeye aliyelificha chini ya leso sasa hulifunua kila mgeni anapopanda gari, na kusema, "Hili ni la mume wangu."

Binti yako, anayetazama viatu vyake mara chache siku hizi,

Amoit