Kiti ya kwanza ya wagoni

Rubaya, Jumapili, siku ya Mungu, 1953

Na mimi pia nilicheka. Niandike ile kwanza.

Tulienda sisi wote watatu, Papa, Mama na mimi, kuona wazungu wa mine, kule wanachimba mawe, wakichezesha watoto wao na wagoni, gari ya chuma ya kubeba mawe. Inashuka mulima juu ya reli, inaruka kwenye kona, tumbo inabaki nyuma. Mbele ya watoto kupanda, mukubwa wa wazungu akasema kwa Kifaransa: "Tujaribu kwanza freni, kama inasimamisha wagoni, na mumoja wa hawa." Akamunyooshea Papa mukono, akatabasamu.

Mimi iko karani wa ule muzungu, nilisikia yote. Niliogopa kupoteza kazi yangu, nikanyamaza. Papa hasikii Kifaransa. Kwetu Wahunde, mwenye kupewa kiti mbele ya wengine ndiye mukubwa. Akaweka kofia yake ya ngozi vizuri, akapanda, akatupungia mukono kama mwami, mufalme wetu.

Wakaachilia. Papa alilia kama mbuzi mpaka chini. Kofia ilipotea kwenye majani, suruali ikalowana. Wazungu wakacheka, mukubwa akaniangalia, basi nikacheka. Mama hakucheka. Alikuwa ananiangalia mimi.

Freni ilikuwa muzuri. Watoto wakapanda.

Jioni hii Papa amekusanya majirani, anawaelezea heshima ile. Akaniita: "Mwana yangu, wewe unajua Kifaransa. Waambie vile muzungu alisema."

Nikawaambia: "Alisema, mukubwa atangulie."

Sasa anataka nimuulizie muzungu kama siku ya Mungu ingine atatangulia tena. Nimemujibu: ndiyo, Papa.