Cheni Uliyoifuata Korogwe

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia.

Mama bado yuko ndani, anakaa eda. Mkeka wake ameutandika karibu na dirisha linalotazama karakana yako, nami hulifungua asubuhi kabla ya kwenda shule. Hatuongei sana. Leo nataka nikueleze habari za pikipiki yako ya matairi manne, kwa sababu wewe ndiye uliyeianza kazi ile.

Unakumbuka ulivyoileta kutoka shamba la mkonge, mwenyewe alipoichoka? Ilikuwa ya mbio. Ukiigusa tu, inaruka na kuinua matairi ya mbele, na Makuyuni nzima ikaja kuitazama. Vijana wa karakana wakadhani utaitembeza barabarani upate sifa. Mimi peke yangu nilijua unamfikiria Bibi, mama yake Mama, kule juu Lutindi.

Ilikuwa masika, kabla hujaileta pikipiki, tulipokwenda kumjulia hali. Magoti yake yalikuwa yameshaanza kumsumbua. Akateleza kwenye njia ya udongo mwekundu, akakaa chini kwenye tope, nawe ulikuwa hatua chache tu nyuma yake. Hukuweza kumwinua. Mkwe hamshiki mama mkwe, wala hambebi. Ulisimama pembeni umegeuza uso, ukiita majirani. Tuliporudi, tukiwa karibu na nyumbani, ukaniambia, "Mama, nitatengeneza kitu. Wewe utamwendesha, mimi nitatembea nyuma."

Uliniita Mama kwa sababu nina jina la Bibi, na jina la mkwe wako hukuthubutu kulitamka.

Basi ukaanza kuifundisha pikipiki mwendo wa mtu mzima. Ulinionyesha sproketi, yale magurudumu ya meno yanayovutwa na cheni. Vijana walikushauri uweke kubwa mbele, maana kubwa ndiyo yenye nguvu. Ukawaacha waifunge. Pikipiki ikazidi kukimbia tambarare, na kwenye kimlima cha nyuma ya karakana ikazimika. Ukacheka, ukaifungua, ukaweka ndogo mbele na kubwa nyuma, ipunguze mbio ipate nguvu ya kupanda. Mmoja akakutania, "Fundi, hii sasa itapitwa na mbuzi." Ukamjibu bila kuinua kichwa, "Nataka ipitwe na mbuzi."

Ulinipa uzi wa katani niuvute kutoka sproketi ya nyuma mpaka ya mbele, tuone kama zimekaa mstari mmoja. Ulisema Babu, baba yako, alipimia hivyo mashine za kusindika mkonge. Uzi ulinyooka, nikafurahi kama nimefaulu mtihani. Ila cheni ya zamani haikufika tena. Sproketi ya nyuma ilikuwa imeongezeka ukubwa, na cheni ikabaki fupi. Ukavaa viatu vyako vya safari, ukaenda Korogwe kutafuta ndefu zaidi.

Cheni ilirudi, Baba. Ilikuwa ndani ya mfuko tuliokabidhiwa hospitali baada ya ajali, pamoja na viatu vyako. Ilikuwa bado na grisi ya dukani.

Bibi hakukuzika. Bodaboda anaiogopa tangu ilipomwangusha, na majirani walipotaka kumteremsha kwenye kiti begani, alikataa. Alisema yeye hajafa, wasimbebe kama maiti siku ambayo maiti ni ya mkwewe. Kwa hiyo Mama amekulilia bila mama yake, na kwa ajili ya eda Mama mwenyewe haruhusiwi kutoka ili amfuate.

Halafu Baba Mdogo akaja kutoka Handeni. Ana mtu huko anayetaka kuinunua pikipiki, lakini anaitaka ya mbio kama zamani. Akaanza kutafuta zile sproketi za mwanzo. Nilimwomba anisikilize kidogo. Nilimweleza ulichokuwa unakitengeneza, na kwa nini. Alikuwa hajui. Aliichukua cheni, akaniuliza, "Ule uzi uko wapi?"

Tuliifunga pamoja. Mikono yangu ilikumbuka mengi kuliko nilivyodhani. Nilivuta uzi wa katani, nikakaza, nikaiacha cheni ilegee kidogo kama ulivyotaka, isije ikakatika kwenye shimo. Nyuma tulifunga kile kiti chenye egemeo ulichokuwa umeshakichomelea.

Jumamosi tulipanda Lutindi. Ilipanda polepole, Baba, bila kuruka, bila kuzimika, na mbuzi kweli alitupita. Nilicheka, halafu nikalia, maana hukuwepo nikuonyeshe.

Bibi aliizunguka, akaigonga kwa fimbo, akauliza nani ameitengeneza. Nikamwambia ni wewe. Akavaa kanga yake nzuri, akapanda. Baba Mdogo naye ni mkwe kwake, kwa hiyo akabaki nyuma, akitembea kwa miguu kwa heshima, mkoba wako wa spana begani. Tulipofika pale alipoteleza masika ile, nilitamani tupite haraka, nikaongeza moto kidogo. Bibi akanigusa bega.

"Usikimbie, mjukuu wangu. Baba yako yuko nyuma."

Sikugeuka. Niliogopa kuona ni Baba Mdogo. Nilipunguza mwendo, tukateremka hivyo hivyo mpaka chini, kwa mwendo wa mtu anayesindikizwa.

Mama alisikia mlio kabla hatujafika. Alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti. Bibi akaingia, wakashikana, na kwa mara ya kwanza tangu uondoke nyumba yetu ilikuwa na sauti. Baba Mdogo amempigia yule mtu wa Handeni, amemwambia pikipiki hii haina mbio tena.

Bado inauma, Baba. Inauma kila nikiona grisi kwenye kucha zangu. Lakini Bibi ataondoka Jumapili, na atakuja tena. Kila mara nitakuachia nafasi nyuma, na sitaongeza moto.

Lala kwa amani.

Ni mimi binti yako, uliyeniita Mama.