Sikushuka Mtaroni

Alhamisi. Mvua imekatika tangu asubuhi, lakini mawingu bado yamelala juu ya Chamazi na nguo nilizofua jana hazijakauka. Nimerudi nyumbani saa nane mchana, siku ya kazi. Jirani ameniuliza kama naumwa. Nimemjibu ndiyo, kwa sababu lilikuwa jibu fupi.

Siumwi. Nimeambiwa nikae nyumbani nisubiri barua.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mie ni fundi sanifu kwenye kitengo cha serikali cha matengenezo ya barabara na mitaro, mwaka wa kumi na moja sasa. Kazi yangu ni ukaguzi. Nazunguka na dereva wetu, Saidi, fomu mkononi, naangalia mitaro na vidaraja vya mitaani, naandika kipi kizima na kipi kibovu. Nikiandika "kibovu", mafundi wanakuja, siku yoyote watakayojaliwa. Nikiandika "kizima", haji mtu. Majina ya watu nimebadilisha. Mengine yote ni kweli.

Kule Mbagala kulikuwa na kidaraja cha zege juu ya mtaro mkubwa, cha waenda kwa miguu. Nilikikagua kabla mvua hazijaanza. Utaratibu ni kushuka mtaroni, kuingia chini ya kidaraja na kugonga zege kwa nyundo. Likitoa sauti butu, limeoza ndani. Siku hiyo mtaro ulikuwa unanuka, mtu alikuwa ametupa mbuzi mzima aliyekufa. Na mie chini ya koti la kazi nilikuwa nimevaa gauni jipya, maana mchana binti yangu alikuwa na mahafali ya darasa la saba.

Nilisimama juu. Nikapigapiga mguu mara mbili. Nikaandika "kizima".

Si hilo tu. Pembeni pale kuna mama mshonaji, ana kibanda chake cha mabati. Alitoka akanifuata, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Akaniambia, "Dada, huko chini nondo ziko nje. Nikienda kumwaga maji naziona, zimeshika kutu." Nikamjibu, "Tumeshaona, mama." Nilisema hivyo huku natembea kwenda kwenye gari.

Wiki iliyopita kidaraja kikakatika. Ilikuwa saa mbili asubuhi, mvua inapiga. Aliyekuwa juu yake, peke yake, ni huyo mama mshonaji. Anaitwa Mama Shani. Pande la zege lilimwangukia mguu wa kulia, na vijana wa bodaboda walihangaika kuliinua huku maji yakimfika kifuani. Hospitali wameukata mguu chini ya goti.

Cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu.

Jana nilikwenda kumwona. Ofisi haikunituma. Nilibeba machungwa, nikasimama mlangoni mwa wodi kama mtu aliyepotea. Binti yake, Shani, alikuwa anamlisha uji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si yule dada wa fomu?"

Nikakubali. Shani akarudisha kijiko kwenye bakuli. Mama yake hakupandisha sauti. Akauliza polepole, "Nilivyokwambia siku ile, ulishuka ukaangalia?"

Nikasema, "Nilishuka, mama."

Akafumba macho. "Unasikia, Shani? Huyu binti yangu anasema hamkuangalia hata kidogo. Nikamwambia hapana, yule dada hawezi kufanya vile. Basi, ni kudra ya Mungu."

Akanishika mkono. Wake ulikuwa wa moto, una sugu ya mkasi kwenye kidole gumba. Shani alikuwa ananitazama viatu.

Leo asubuhi mkuu wa kitengo, sisi tunamwita Injinia, akaniita ofisini kwake. Maelezo yangu kuhusu ajali yalikuwa yameshachapwa, yamebaki sahihi tu. Yalisema nilikagua kidaraja juu na chini, na kwamba baadaye lori la mchanga lilipita juu yake. Kidaraja kile hata bajaji haienei.

"Saini tumalize," akasema. "Nakulinda wewe, mdogo wangu."

Si mtu mbaya. Nilipofiwa na mama alisafiri hadi kwetu Njombe, akalala matanga pamoja na sie. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi kuliko kama angenigombeza.

Nikaomba karatasi tupu. Nikaandika mistari minne: siku niliyokwenda, kwamba sikushuka, kwamba mkazi alinionya, kwamba sijui lori lolote. Nikasaini. Akaisoma mara mbili, akavua miwani.

"Una watoto wewe."

"Ninao, Injinia."

"Nenda nyumbani. Barua itakufuata."

Getini Saidi akanikimbilia. Siku ile ya ukaguzi yeye ndiye alikuwa kwenye usukani. "Sista, umenitaja?" Nikamwambia hapana. Akashusha pumzi, akasema ahsante, akageuka kurudi. Hakuuliza naelekea wapi.

Nilidhani nikishaandika ukweli nitajisikia mwepesi. Sijisikii hivyo. Naona tu picha ya yule mama akifumba macho, ameridhika.

Kuandika ile karatasi kulikuwa rahisi, nilimwandikia mtu wa mezani. Hata kuandika humu ni rahisi, nyie hamnijui sura. Mama Shani ananijua. Ameniamini mara mbili, pale mtaroni na jana kitandani. Kazi ikiondoka nitatafuta nyingine, au nitakosa. Lakini yule mama atatoka hospitali kwa magongo huku anaamini Mungu ndiye aliyemvunja mguu, na binti yake anayejua ukweli ataonekana mwenye roho mbaya.

Kesho saa sita mchana wanafungua wodi. Nitakwenda mikono mitupu. Nitamwamkia, nitamwomba Shani akae asikie, halafu nitasema: sikushuka.

Akinifukuza, nitaondoka.

Asiponifukuza je?